Siku Tisini za Utajiri

Kwa siku tisini sisi ni matajiri.
Karatasi ya benki ndivyo inavyosema,
ina mhuri wa buluu na sahihi ya meneja,
na jina langu, Eteri, limekaa juu ya tarakimu
kama kuku anayeatamia mayai ya jirani.

Mayai ya jirani, ndiyo hasa.
Elfu mbili za mjomba Nugzar, aliyeuza ng'ombe mwenye mimba.
Mia tisa za Tsisana wa ghorofa ya tatu,
alizokuwa amewekea meno yake;
sasa anacheka huku kajiziba mdomo kwa kiganja,
ananiambia, "Soma, mwanangu, meno hayana haraka."
Mia nne za fundi viatu wa karibu na daraja,
ambaye hata hatujui kama anatupenda.
Zimelala pamoja, mzungu wa nne,
wala haziruhusiwi kuamka
mpaka ubalozi uone kwamba tunazo.

Juzi mvua ya Kutaisi ilitoboa paa.
Baba akapanga sufuria tatu na beseni sakafuni,
akasimama katikati, tajiri wa mtaa mzima,
akisikiliza: ti, to, ti.
Bati moja ni lari ishirini na tano.
Alinitazama. Nikalitazama beseni.
Hakuna aliyelitaja neno benki.

Mezani kuna vyeti vilivyotafsiriwa, kila ukurasa kwa bei yake;
picha mbili, masikio yaonekane, usitabasamu;
na barua ya profesa Gocha, anayenisifu
kwa sentensi alizomsifia Lela mwaka juzi,
akasahau kufuta "hodari wa kemia."
Mimi nasoma miamba.
Nilimrudishia. Akacheka, akaiandika upya kwa mkono,
akaongeza kwamba niliwahi kupanda mlima na homa
kufuata jiwe moja.
Ni kweli. Sikujua kwamba aliniona.

Usiku najibu maswali ya fomu.
Kwa nini Ufini?
Naandika: maabara. Naandika: miamba mikongwe
iliyokuwepo kabla samaki wa kwanza hajapata mgongo.
Siandiki kwamba kwenye ramani ya ukutani
nchi ile ina madoadoa, kana kwamba mtoto
alimwaga maziwa, na maziwa yakawa maziwa.
Siandiki kwamba kaka yangu Zaza
alikwenda Polandi kuvuna matufaha miezi miwili,
na huu ni mwaka wa sita.

Ukurasa wa mwisho:
Je, baada ya masomo utarudi nchini kwako?
Visanduku viwili. Ndiyo. Hapana.
Ubalozi unataka ndiyo, usije ukabaki nami.
Mama, anayepiga pasi shati lisilo na mkunjo hata mmoja,
anataka ndiyo hiyohiyo,
asije akabaki bila mimi.
Woga ni ule ule;
mmoja una bendera, mwingine una pasi ya moto.

Na mimi? Mimi sijaulizwa kama najua.
Hakuna kisanduku cha "niacheni kwanza nifike."

Leo fundi viatu aliniita nikipita.
Nimpelekee viatu vya baridi, alisema,
atavitia soli mbili mbili, bila malipo:
ya kwendea na ya kurudia.
Kisha, akiwa ameinamia nyundo yake,
akauliza zimebaki siku ngapi.
Arobaini na moja, nikamwambia.
Akatikisa kichwa, misumari ikiwa midomoni,
kama mtu anayehesabu kitu kingine.

Mama amelala. Pasi inapoa, inatoa sauti ndogo.
Beseni limejaa nusu.
Natia alama kwenye ndiyo,
kisha nakaa na kuipuliza,
maana nyumba hii ina unyevu
na wino unachelewa kukauka.