Mwanzi Usiogemwa

Kwenye fremu ya mlango kuna alama za mkaa:
ya Krismasi, ya Pasaka, ya Krismasi nyingine,
zimebanana kama meno.
Imelda ana miaka tisa
na bado anapita chini ya kamba ya nguo bila kuinama.

Chakula hakikosi. Dabaga hatulali njaa:
maziwa, njegere, viazi,
parachichi analipaka kiporo cha ugali kama siagi.
Zahanati nilikwenda na orodha hiyo kichwani
kama mtu aliyeitwa kizimbani.

Nesi Kihwele hakuuliza chakula.
Aliuliza, "Analala saa ngapi?"

Nikacheka. Swali gani hilo?
Analala tukishamaliza kuuza,
mlevi wa mwisho akishaimba hadi barabarani.
Anaamka saa kumi
anishikie tochi nikigema,
maana mkono mmoja wa kisu, mmoja wa mbeta,
na mimi sikuumbwa na wa tatu.

"Mtoto hukua akiwa amelala," akasema,
akaandika kitu, akaita mwingine.

Alfajiri iliyofuata ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa.
Mwanga wa tochi ukayumba: msichana amesinzia wima,
kidevu kifuani, miguu kwenye umande.
Nikalishika chipukizi,
nikakata ubamba mwembamba juu yake, kama jana,
kama juzi, asubuhi na jioni, kifuku kizima.
Ulanzi ukadondoka, to, to, ndani ya mbeta.

Miaka ishirini nagema,
na hili nalijua kama jina la mama yangu:
mwanzi unaougema hauwi mwanzi.
Unakupa ulichotaka, kisha unabaki kimo cha goti.
Ule uliousahau nyuma ya kichuguu,
ukiurudia baada ya wiki mbili, unachungulia paa.

Nikamtazama mwanangu.
Kila usiku nimekuwa nikimkata kidogo,
kidogo tu, kule juu,
penye urefu.

Siku hizi tochi naing'ata kwa meno.
Ulanzi umepungua, wateja wananuna,
saa mbili nawatoa: "Kuna mtu analala humu."
Kisha nakaa nasikiliza. Kimya.
Hata viazi ardhini havipigi kelele.

Jana mama yake kaniita kwa ukali:
sketi ya shule imepanda juu ya magoti,
ilikuwa mpya Januari,
na kitambaa Iringa mjini, je, nimeuliza bei?

Sijauliza.
Nilikuwa jikoni, natafuta mkaa.