Kamba ya Nguo, Kadutu

Mwezi wa kumi na moja Bukavu haina jua la kukopesha.
Mvua inashuka Kadutu kwa ngazi zake yenyewe,
inapita mlangoni bila hodi,
na nguo zangu za ndani, tatu, nyeusi,
zinaning'inia nyuma ya kabati
chini ya kitenge, kama deni.
Hivyo nilifundishwa: shati la mume lipungwe na upepo,
shuka la mtoto lionwe na barabara nzima,
lakini hizo, hapana. Hizo zikaukie gizani.
Hazikauki.
Nazivaa na ubaridi wake.

Mwasho ulinikuta sokoni Nyawera,
nimekaa kwenye kigoda, unga wa muhogo mbele yangu,
mkono unapima kopo, mwili unahama,
kalio la kushoto, kalio la kulia,
hadi mteja akauliza kama kigoda kina kunguni.
Nikacheka. Nikamwongezea unga asiolipia.
Usiku nikajikuna mpaka ngozi ikawaka.

Mama Cibalonza, jirani, ana dawa ya kila kitu.
"Limau," akasema. "Maji ya chumvi.
Au ile sabuni mpya ya waridi, inatoa hata laana."
Nikaoga na waridi siku tatu.
Nikanukia kama harusi,
nikaungua kama niliyekalia pilipili.

Na kichwani kesi nilikuwa nimeshaikata:
Baba Ashuza yuko Shabunda, anachimba dhahabu,
mwezi wa tatu sasa, simu moja kwa wiki.
"Aliniletea nini huyu?" nikaiuliza sufuria.
Sombe ikachemka, haikujibu.

Zinaitwa sehemu za siri.
Nami nililitii hilo neno mpaka mwisho wake:
nikaficha kwa mama, kwa dada, kwa jua,
nikaficha hata kwa macho yangu mwenyewe,
mpaka siri ikaanza kuwasha.

Muuguzi Nsimire hakushtuka.
Alikuwa anakula mkate; akauweka, akanawa mikono,
akatazama kwa tochi ndogo
kama mtu anayesoma bei kwenye kibandiko.
"Wekundu tu. Ngozi imechoka, mama.
Unaogea nini? Unaanikia wapi?"
Nikataja waridi. Nikataja kabati.
Habari ya mume sikuitaja, akaisoma usoni:
"Si kila mwasho una mwanaume nyuma yake."

Akanikataza limau, akanikataza chumvi,
na kila kinachonukia vizuri.
Maji matupu, tena nje tu,
ndani kunajiosha kwenyewe, ndivyo kulivyoumbwa.
Nguo ya pamba, iliyokauka kweli. Usiku, lala bila hiyo.
Kisha akanyoosha kidole, na sauti ikawa nyingine:
"Siku saba. Usipotulia, rudi.
Ukiona kidonda au malengelenge, usihesabu siku.
Uchafu wenye harufu, mkojo unaochoma,
homa, uvimbe, damu isiyo ya mwezi,
njoo hata kama mvua imebeba daraja.
Na siku hiyo usijisugue kwa chochote ili kunipendeza.
Nataka kuona ugonjwa, si sabuni."

Jumapili jua lilitoka upande wa ziwa,
dogo, kama mgeni asiyejua atakaa hadi lini.
Nikazitoa zote tatu kambani,
katikati, kati ya shati la shule la Ashuza na taulo.
Mama Cibalonza akapita na bidoni kichwani,
akasimama, akakohoa kikohozi cha kanisani.
Nikamsalimu. Sikuzishusha.

Zilikauka kabla ya saa sita.
Nikavaa moja ikiwa bado na joto la jua,
na sikujua, miaka yangu thelathini na nane,
kwamba nguo hiyo inaweza kuwa na joto
lisilotoka kwangu.

Leo ni siku ya tano. Nimekaa, sijahama.
Yule mteja ameuliza kunguni wamekwenda wapi.
Nimempimia kopo lake, sawasawa, bila nyongeza.
Zimebaki siku mbili. Nahesabu.