Kofia ya Hiari

Tulimwita Hiari.
Mama alituonya kutoka Lushoto, simu ikikwaruza:
"Jina huumba. Mngemwita hata Subira."
Tukacheka.
Sasa ana miezi kumi na mmoja, meno manne,
na kofia hataki.

Hataki ya sufu, hataki ya pamba,
hataki ile ya masikio ya sungura
niliyoinunua kwa bei ya viatu vyangu.
Ile ya kufunga kidevuni aliitafuna kamba
ikalowa, ikalegea, akaivuta mpaka puani,
akacheka humo ndani
kama mwizi aliyepata nyumba isiyo na mbwa.

Namvika mlangoni, anaivua ngazini.
Namvika ngazini, anaivua getini.
Barabara ya Victoria, Torry, Aberdeen, mwezi wa pili:
upepo unapanda kutoka bandarini bila hodi,
unajinoa kwenye mawe ya kijivu ya nyumba za watu,
na mbele yake utosi wa mwanangu,
mweusi, wa mviringo, unapumua.

Wenyeji hawanisemi mimi. Wanamsema yeye.
Wanainamia gari lake, sauti ya sukari:
"Kofia yako iko wapi, kipenzi? Mama amesahau?"
Fumbo mfumbie mjinga.
Mimi nimelifumbua kabla halijatoka kinywani,
naichomoa kofia mfukoni, naiinua juu kama tiketi:
hii hapa, shahidi wangu ni hii!
Hiari anaipokea kwa adabu zote
na kuitupa barabarani.

Nilijaribu kipande cha ndizi mkono wa kulia,
kipande cha ndizi mkono wa kushoto,
ili asibakiwe na mkono.
Akaivua kwa ndizi.

Nikaweka kiganja changu utosini. Hicho hakukivua.
Alitulia chini yake, macho ameyafumba nusu.
Lakini gari la mtoto halisukumwi kwa mkono mmoja
kwenye kilima,
na basi namba tano lile linakuja.

Mama, kwa simu: "Wewe je?
Kofia yako tuliiokota kwenye kabichi kila asubuhi ya Julai,
imelowa umande, ng'ombe wa jirani ameshaionja.
Na baridi ya Lushoto unaijua, si mzaha.
Mbona hukufa."
Akanyamaza kidogo.
"Lakini mvike."

Jumanne tulipoteza ile nyekundu,
aliyoifuma Bi Elspeth wa ghorofa ya chini
kwa vidole vyenye baridi yabisi, kila fundo limemuuma.
Asubuhi yake nilirudia njia nzima nikitazama chini,
kwenye madimbwi, chini ya magari,
hata mdomoni mwa shakwe mmoja niliyemshuku.
Kumbe mtu, simjui, aliiokota
akaivisha ncha ya uzio wa chuma mbele ya duka la dawa,
kama wafanyavyo hapa kwa kila kilichodondoka:
glavu, soksi, kiatu kimoja cha mtoto.
Chuma kimevaa. Kimenyooka.
Hakikuivua usiku kucha.
Nilikionea wivu, Mungu anisamehe, chuma cha watu.

Nikamwonyesha: "Tazama mwenzako."
Akatazama uzio, akanitazama mimi,
kichwa changu kitupu, nywele nilizosukwa kwa saa tano
ambazo sitaki kuzibana na kofia yoyote.
Sikuwa na la kusema.

Jioni hita inaunguruma, madirisha yanatoka jasho.
Hiari anatambaa hadi kwenye kapu la nguo,
anachakura, anaitoa ile nyekundu,
anaivaa mwenyewe, nyuma mbele,
jicho moja limefunikwa.
"Ivue, mama, utapata joto."
Anaishika kwa mikono miwili.
Hataki.
Amekula nayo uji. Amelala nayo.

Hiari yashinda utumwa, nauambia ukuta,
na kuizima taa.
Kesho saa mbili kasoro robo tunatoka.