Kosa Moja

Kabla ya kioo tulikuwa na shaba.
Ilitufaa toka Januari hadi mvua za Machi,
kisha saa tisa alasiri, kama ada ya Kakamega,
wingu likapanda kutoka msituni, likakohoa,
na radi ikaingia kwa waya
kama mtu anayejua chumba alichoagizwa.
Tukapoteza kadi tatu na kompyuta,
na birika la chai la Shitandi,
ambalo hata halikuwa kwenye soketi.

Basi kioo.
Mita mia mbili na arobaini za faiba,
kiini chake chembamba kuliko unywele,
toka dari ya darasa la zamani
ambako vibao vyetu vinne vimelala kifudifudi
vikivizia chembe zinazoshuka angani,
hadi chumba kilichokuwa stoo ya mahindi.
Kioo hakimjui umeme. Radi ikibisha, hakifungui.

Shitandi alifunga simu za posta miaka thelathini na mmoja,
Butere, Khwisero, Malava, mlingoti kwa mlingoti.
Alibana klipu kwenye waya, akasikia:
mama anauliza kama karo imefika,
karani anakana deni.
Sasa anauweka uzi sikioni. "Mbona haisemi?"
Haisemi. Inamweka.
"Basi niione."
Usiitazame! Nuru hii haionekani, na jicho inaliharibu.
"Waya usiosikika, taa isiyowaka.
Mmbone, hii ni kazi au ni kanisa?"

Lakini kukata kioo, nani amshinde?
Shaba ilimfunza kutotetemeka.
Chini ya hadubini ncha ya uzi ni mwezi mzima,
na juu ya mwezi, jabali:
punje ya masizi, miwa iliyochomwa jana Navakholo.
Nuru yote itajikwaa hapo.
Tunafuta kwa spiriti. Tunatazama.
Tunafuta tena.

Usiku tukatuma namba zisizo na habari,
moja na sufuri zilizochanganywa kama mahindi na maharagwe,
bilioni tano kila sekunde,
na upande wa pili mashine ikihesabu zilizopotoka.
Sharti letu: hadi alfajiri, hata moja.

Saa nne, sufuri.
Saa sita, sufuri.
Mvua ikaja na mambo yake,
radi ikapasua mkaratusi ulio nyuma ya choo cha wavulana,
taa zikazima, betri zikadaka.
Sufuri.
Shitandi akasimama mlangoni, akaipigia radi saluti.

Saa tisa na dakika kumi na saba:
moja.

Nilitaka kulia, nasema kweli.
Nikakagua ncha: safi. Joto: sawa. Volti: sawa.
Ndipo nikafungua daftari la vibao.
Sekunde ile ile, katika milioni ya sekunde ile ile,
vyote vinne vilikuwa vimepiga kelele pamoja.
Manyunyu ya chembe, mapana kama kiwanja cha shule,
yalipita mabati, yakapita dari, yakapita sisi,
na moja ikatua kwenye kipokezi
kilicho kidogo kama punje ya wimbi.

Miezi saba tunamtandikia mgeni njia,
tunaifagia, tunaipima,
naye kaingia kwa paa
akakalia kiti cha mhesabu.

"Iliyopotoka," Shitandi akauliza, "ilikuwa nini?"
Ilitumwa sufuri. Tukasoma moja.
Akafikiri, kidole kikigonga meza
kama zamani akijaribu laini ya Malava.
"Kwetu posta hilo hatukuliita kosa.
Tuliliita mtu yuko upande wa pili."

Sijui. Mimi nina fomu,
na fomu ina kisanduku cha makosa, kipana kama ukucha.
Nimeandika: 1.
Nje kunapambazuka, matone yangali kwenye mabati.
Shitandi anakunja koti lake lililolowa,
anauliza kama zile pesa za birika
zilishapitishwa.