Kiti cha Nyuma

Ngozi ivute ingali maji, wasemavyo.
Hii imekauka miaka sitini na mitano
na hakuna aliyenifunza methali ya ngozi kavu.

Borgward Isabella, ya mwaka hamsini na nane,
imeletwa juu ya lori, imefunikwa turubai.
Julai, Paysandú, baridi ya kukata vidole.
Napangusa kioo, nachungulia:
rangi ya divai imegeuka rangi ya kutu,
bega la kiti cha dereva limepasuka
pale pale mwanamume mzito alipojitupa,
akashuka, akajitupa, akashuka,
kila lango la kila shamba la mkoa.
Egemeo la mlango lina shimo la kiwiko.

Mwenyewe ni Waldemar Bentancor, mwana wa daktari wa mifugo.
Mzee sasa, mwenye viatu safi na haraka.
"Iwe mpya, Nélida. Kama ilivyotoka kiwandani."
Nikampa kibuyu cha yerba, cha moto,
maana mdomo ulioshika mrija hauwezi kuamuru.

Siku ya kwanza sigusi sindano.
Sponji, maji vuguvugu, sabuni ya ngozi,
kuzungusha, kupangusa, kuzungusha.
Maji ya ndoo yanakuwa kahawa, halafu chai, halafu ukungu.
Harufu zinaamka moja moja:
tumbaku, dawa ya kwato,
sufi ya kondoo aliyelowa.

Ngozi yenye njaa utaijua tu:
mafuta yanatoweka kabla hujainua kitambaa.
Nikaipaka, nikaifunika blanketi
kama mgonjwa wa homa. Nikarudi usiku.
Bado ina njaa.
Nikaipaka tena.

Siku ya nne nikafumua mshono wa bega.
Kiraka hakikai juu, kinaingia chini,
kinashikana na ngozi mgongo kwa tumbo.
Sindano mbili, uzi wa kitani uliovutwa kwenye nta,
tundu moja, huyu aende, huyu arudi,
na matundu ni yale yale ya fundi wa Bremen
nisiyemjua, aliyekaza mno upande wa kulia.
Labda alikuwa na njaa. Labda Ijumaa.
Sikumsahihisha.

Kisha kiti cha nyuma.
Doa jeusi, upana wa sinia.
Nililiosha. Nikalisugua kwa spiriti,
nikalijaribu hata kwa maziwa, ujinga wa mama yangu.
Halikutikisika.
Nikampigia simu: nikate, niweke kipande kipya?

Akaja. Akasimama na kofia mkononi.
"Hii ni iodini," akasema. "Ilimwagika kutoka chupa ya baba."
Mwaka wa mafuriko, yeye ana miaka saba,
ng'ombe akazaa juu ya tuta la reli
na mto ukamchukua kabla hajamgeukia mwanawe.
Baba akamfunga ndama kwa koti lake,
akampaka kitovu, akamweka nyuma, na mtoto.
"Alitetemeka, nami nikatetemeka.
Sikujua nani anamtetemesha mwenzake."
Akanyamaza. Kisha:
"Alilamba kiti. Njia nzima alilamba kiti."

Tulitazama pale wote wawili.
Ngozi ya nani ile, kabla haijawa kiti?
Sikuliuliza kwa sauti.

Nilichanganya rangi ya divai mara sita
mpaka ikafanana na ile iliyojificha chini ya zulia,
isiyoonja jua.
Nikapaka nyembamba, nikakausha, nikapaka,
na nilipofika ukingoni mwa doa
mkono ukasimama.

Alilipa bila kubishana bei, jambo geni kwa ukoo ule.
Funguo alizichukua, lakini usukani hakuugusa.
Alifungua mlango wa nyuma, akaingia,
magoti yakamfika kidevuni,
akafunga mlango polepole.

Nikamwacha.
Nilikuwa na sponji za kuosha,
na saa sita anakuja mtu
na tandiko la farasi lililoliwa na panya.