Kaa

Eudelia anachambua kaa
tangu saa kumi alfajiri, kisiwani, Maryland,
kisu kifupi, kidole gumba kimefungwa plasta,
nyama ya mgongo kopo lake, ya gando kopo lake.
Hulipwa kwa ratili.
Kaa akikonda, mshahara nao hukonda.

Viza imebandikwa ukurasa wa tisa wa pasipoti:
picha isiyocheka, jina la tajiri mmoja tu,
na tarehe ya Novemba.
Fanya kazi, inasema. Usikae.

Mwaka huu bahati nasibu imemwacha Maricruz,
aliyekaa kiti kile pale misimu kumi na mmoja.
Kiti kipo. Hakuna anayekikalia.
Tajiri hupita, hukitazama, huguna;
oda zimejaa, naye mwenyewe hajui kuchambua.

Jioni simu inalia: mwanawe, Tabasco.
Jino la mbele limeng'oka, amelificha kwenye kiberiti
mpaka mama arudi alione.
"Ukija utakaa siku ngapi?"

Eudelia anatazama mikono.
Amenawa kwa ndimu, kwa chumvi,
hata kwa sabuni ya kuoshea magari.
Harufu haikuomba viza,
imekaa.