Swali Kutoka Safu ya Nyuma

Viatu tumeviacha mlangoni, vinadondosha theluji ya Shimokita.
Ndani, jiko la mafuta ya taa linakohoa,
na Daktari Murakoshi anatuonyesha fuvu,
kisha fuvu jingine,
kisha ukoo wetu wote ukutani
umetawanyika kama nyufa kwenye barafu.

"Hatukutoka kwa kima," anasema.
"Tulitoka nao nyumba moja, kila mtu na mlango wake."

Tokuzo, mwenye shamba la matufaha, anaguna.
Kila vuli huwafukuza kwa fataki.
Ndugu gani huyo, anayekuibia mchana kweupe?

Picha inabadilika: kima jike,
kidole kimepinda,
amembeba mwanawe aliyekufa,
siku ya tisa.

Tokuzo anainua mkono. Tunajiandaa kucheka.

"Huyo namjua. Mwaka juzi alipita uani kwangu,
na kitu hicho kifuani.
Fataki nilikuwa nayo mkononi,
kiberiti nimeshakiwasha."

Kimya.

"Na swali lako?"

"Hatimaye alimlaza wapi?"

"Hatukuona," anasema daktari. "Theluji ilizidi."

Tokuzo anakaa,
anasugua kidole gumba
ambacho njiti ile ilikiunguza.